Kelele ya "mwizi!" ilitoa mtaa mzima nje. Jirani yetu alipolia, milango saba ilibaki imefungwa. Kwa nini?

FundiSare:

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga Mbagala kwenye nyumba ya vyumba vinane: vinne huku, vinne kule, korido katikati, choo na bomba uani. Dari haina, kwa hiyo sauti na mwanga vinapita juu ya kuta. Nikikohoa, chumba cha pili wananipa pole. Najua nani kapika dagaa, nani hajalipa kodi, mtoto wa nani ana homa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanijibu kwamba pengine watu hawakusikia.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilichelewa kulala kwa ajili ya sare za shule, nilikuwa nimebakiza marinda ya sketi tatu. Kwenye saa tano na nusu usiku chumba cha sita wakaanza. Kwanza maneno. Kisha sufuria ikaanguka. Kisha ikaja ile sauti ya mwili wa mtu kugonga ukuta, ambayo ukishaisikia mara moja huifananishi na kitu kingine. Dada wa watu akawa anasema, "Basi, nimekosa, basi." Aliisema hiyo "basi" mara nyingi sana. Halafu akaanza kuita, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu hakuishia kwenye "jamani nisaidieni", alituita kwa majina. Alimwita mama muuza vitumbua wa chumba cha kwanza. Alimwita baba wa chumba cha tatu, ambaye ni mlinzi na usiku ule hakuwa zamu. Aliniita na mimi.

Mguu wangu ulikuwa kwenye kikanyagio cha cherehani. Nikauondoa, mashine ikanyamaza, na ilivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kusikia. Nikasikia komeo la chumba cha pili likisukumwa. Nikasikia redio ya chumba cha tano ikiongezwa sauti. Nikazima taa. Nimejiuliza wiki nzima kwa nini nilizima taa, na jibu ninalolipata ni kwamba sikutaka mtu aone mwanga akajua niko macho. Nikakaa gizani na sketi mapajani mpaka kukatulia. Zilikuwa kama dakika ishirini.

Asubuhi alitoka kuchota maji, khanga kaifunika hadi shavuni. "Umeamkaje?" "Salama." Bombani tulikuwa wanawake wanne, na hakuna aliyemwangalia usoni. Alipoondoka na ndoo yake mmoja wetu akasema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Tukaitikia, mazungumzo yakahamia bei ya unga.

Sasa niwaeleze jambo la pili. Mwezi wa nne mwaka huu, nyumba hii hii, kijana alipitisha fimbo yenye ndoano kwenye nondo za dirisha la chumba cha tatu ili avute simu. Ilikuwa saa nane usiku. Ilitosha sauti moja ya "Mwiziii!" na kabla sijajifunga khanga vizuri korido ilikuwa imejaa. Mlinzi alitoka na rungu. Kijana wa chumba cha tano, huyu wa redio, alitoka pekupeku na panga. Mama muuza vitumbua, na umri wake wa miaka hamsini na kitu, alitoka na mwiko. Mimi nilishika tochi nikawamulikia. Yule kijana alipigwa hadi akawa haongei, na tayari mtu alishatumwa tairi. Kilichomwokoa ni mzee mmoja wa msikitini: alipita katikati ya watu, akakaa chini kwenye mchanga kando yake, akamwekea mkono kifuani. Hakutoa hotuba. Ili umpige kijana ilibidi kwanza umpige mzee, na hakuna aliyeweza. Simu yenyewe ilikuwa ya batani.

Magazeti yetu huandika "wananchi wenye hasira kali". Basi nauliza, Alhamisi ile wananchi wenye hasira kali walikuwa wapi? Watu ni wale wale. Sikubali kwamba ni woga, maana anayetoka usiku wa manane kumkabili mwizi asiyejua kashika nini si mwoga. Sikubali pia kwamba tuna roho mbaya, kwa sababu mwaka jana nilipougua malaria, vyumba hivi hivi vilinipikia uji kwa zamu wiki nzima.

Ni nini kilichotushika? Na nikisikia tena nifanyeje? Naombeni majibu ya kweli.

BabaWatatu:

Dada, pole. Mimi nilishawahi kutoka, na nitakueleza kwa nini sasa hivi sitoki.

Mwaka 2016 nilimtoa jirani yangu juu ya mkewe, alikuwa kamkaba uani. Swali la kwanza aliloniuliza halikuwa "kwa nini umenishika". Aliniuliza, "Una nini na mke wangu?" Kufika asubuhi lile swali limeshazunguka mtaa mzima. Mke wangu mwenyewe hakunisemesha kwa wiki mbili. Nikaenda kituoni kuandika maelezo kama shahidi, nikaambiwa njoo kesho. Kesho ikawa njoo Jumatatu. Mimi ni mbeba mizigo sokoni, siku nisiyobeba watoto wanakunywa chai kavu usiku. Nilikwenda mara tano kwa nauli yangu. Mara ya tano nikawakuta mume na mke wamekuja pamoja, wamekaa kwenye benchi moja, wanasema wameyamaliza kifamilia. Kesi ikabaki moja, ya kwangu, kwamba nilimng'oa jino.

Kwa hiyo usiseme si woga. Ni woga wa kitu kingine. Mwizi ukimpiga hakuna atakayekuuliza una nini na simu ya watu. Unapiga katikati ya watu mia, na kesho hakuna aliyepiga. Ukiingia kwenye chumba cha mume na mke unaingia peke yako na jina lako.

MwalimuSaikolojia:

FundiSare, nafundisha chuo cha ualimu, na swali lako lina historia ndefu. Nitakupa ile ninayoona inaingia kwenye korido yenu.

Tarehe 13 Machi 1964, mwanamke wa miaka 28 aliyeitwa Kitty Genovese alichomwa kisu usiku karibu na nyumba aliyokuwa akiishi, Kew Gardens, jijini New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama kwa zaidi ya nusu saa na hakuna aliyepiga simu polisi wakati anashambuliwa. Dunia nzima ikaisema New York kuwa ni jiji la watu wasio na moyo. Habari ile ilikuwa na makosa mengi. Wengi walisikia tu kelele na hawakuona kitu, mtu mmoja alipiga kelele dirishani na mshambuliaji akakimbia kwa muda, na jirani mmoja, mwanamke, alishuka ngazi akamshika Kitty mikononi hadi gari la wagonjwa likafika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe liliandika kwamba taarifa yake ya kwanza ilikuwa na kasoro. Huwa nawaambia wanafunzi wangu: yule jirani aliyeshuka hakuwemo kwenye hadithi kwa miaka mingi, kwa sababu hadithi ilitaka kila mtu awe mbaya.

Lakini watafiti wawili, John Darley na Bibb Latané, waliishughulikia kwa namna nzuri. Mwaka 1968 walichapisha jaribio ambalo kila mshiriki alikaa kwenye chumba chake peke yake, anawasikia wenzake kwa vifaa vya masikioni tu. Ghafla mmoja wa wanaozungumza anaanza kama kushikwa na kifafa, anaomba msaada. Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaomsikia, asilimia 85 walitoka kumsaidia kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, waliotoka walikuwa asilimia 31. Soma tena hapo pa vyumba. Kila mtu chumbani kwake, mlango umefungwa, anajua wengine wanasikia, haoni wanafanya nini. Ni korido yenu ile, ila hawakuwa na redio.

Na jambo ambalo watu hulisahau: wale ambao hawakutoka hawakuwa wametulia. Watafiti walipoingia vyumbani mwao waliwakuta viganja vina jasho, mikono inatetemeka, wanauliza kama yule mtu yuko salama. Walikuwa hawajaamua kutokusaidia. Walikuwa bado wamekwama wanaamua. Wewe uliyekaa gizani na sketi mapajani dakika ishirini hukuwa umepuuza.

Halafu kuna utafiti wa Shotland na Straw, 1976, ambao ndio hasa unajibu swali lako la mwizi. Waliigiza mwanamume akimshambulia mwanamke mbele ya watu. Katika igizo moja mwanamke alipiga kelele kwamba hamjui huyo mtu, na asilimia 65 ya walioona waliingilia. Katika jingine alipiga kelele kwamba hajui kwa nini aliolewa naye. Kipigo ni kile kile. Walioingilia wakashuka hadi asilimia 19.

Kwa hiyo "mwizi!" ni neno lililokwisha kuamua kila kitu kabla hujafungua mlango: nani mbaya, nani wetu, nini kifanyike. Kilio cha jirani yako kilikuja na neno jingine limekitangulia, mke na mume, na neno hilo nalo limeshaamua. Lile komeo la chumba cha pili ulilolisikia lilikuwa na maana kwako, ulilisoma kwamba "hili si la kutoka". Taa yako ilipozimwa, kuna mwingine aliisoma vivyo hivyo.

Kitu kimoja kinanisumbua kwenye maelezo yako na sina jibu jepesi. Sisi walimu tunafundisha kwamba mwenye shida asiite umati, amtaje mtu kwa jina, kwa sababu aliyetajwa hawezi kujificha nyuma ya wengine. Jirani yako alilifanya hilo sawasawa. Aliwataja watatu. Na bado. Hilo linaniambia neno "ndoa" kwetu lina uzito kuliko jina la mtu.

MjumbeMstaafu:

Marahaba, wanangu.

Nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka kumi na tisa, na nyumba nilizogonga usiku sizihesabu. Mwalimu kaeleza vizuri ya vyuoni. Mimi nieleze ya mlangoni.

Kwanza, ile methali ya jembe. Nimeisikia ikisemwa kwa vilio vya watu ambao baadaye tuliwazika. Wazee walioitunga walizungumzia ndugu wanaogombana, yaani watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana, wanazozania shamba au mahari au maneno. Mtu mmoja anapopiga na mwingine anasema "basi", hapo hakuna wagombanao. Lugha yetu ina maneno mawili tofauti, ugomvi na kipigo. Mnatumia la kwanza mahali pa la pili, na mkishalitumia mnakwenda kulala.

Pili, watu huniambia mume ana haki. Hana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Imeandikwa tangu 1971, wengi wenu hamjazaliwa. Na kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili ni kosa la kifungo hadi miaka mitano, na hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kama kampiga mkewe".

Sasa namna ya kugonga. Usiende peke yako. Usiende na rungu, na usiite mtaa, kwa sababu mtaa ukija hautaki kuamua, unataka kuua, mmeuona wenyewe mwezi wa nne. Mchukue mtu mmoja mzima, mwanamke akiwepo ni bora zaidi, ndipo lile swali la "una nini na mke wangu" linakosa pa kukaa. BabaWatatu, mwanangu, wewe ulikosewa, lakini pia ulikwenda peke yako.

Gongeni, ombeni kitu. Kiberiti. Chumvi. Panadol ya mtoto. Mimi nilikuwa naomba kiberiti wakati kila mtu anajua sivuti. Mnampa nafasi ya kuacha bila kuaibika mlangoni. Aibu yake mtaishughulikia asubuhi. Akisema "nenda", usiende. Sema "nasubiri". Kinachotakiwa usiku ni mkono usimame, basi. Hukumu haifanyiki koridoni.

Mkisikia kitu cha chuma, chupa, au mtoto ndani, msigonge, pigeni simu 112 na muiteni mjumbe. Asubuhi kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na kwenye baadhi ya hospitali kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni bure, ukidaiwa hela muulize anayedai jina lake na cheo chake. Ikiwa anayepigwa ni mtoto, namba 116 hailipiwi.

MakangaWaZamani:

Niko Nairobi, nilikuwa makanga miaka saba. Huku kwetu si kwamba watu hawatoki. Wanatoka, wakiwa na simu mkononi.

Mwezi wa Novemba 2014 ilisambaa video ya mwanamke akivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha magari mchana kweupe, kisa ati nguo yake. Ukiitazama unaona mkono ulioishika simu hautikisiki. Tarehe 17 mwezi huo huo mamia waliandamana mjini wakisema nguo yangu, hiari yangu, na kabla mwaka haujaisha sheria ikaongezwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka kumi. Mwaka 2017 wanaume watatu walihukumiwa kwa kumvua nguo na kumwibia abiria ndani ya basi, kisa cha 2014 pia. Kwa hivyo sisemi kwamba kurekodi ni bure kabisa, ushahidi ni ushahidi.

Lakini nimekuwa kwenye mlango wa gari, nawajua abiria. Mtu akirekodi anahisi ameshafanya sehemu yake. Nimeona gari la watu thelathini na watatu wanatazama msichana akisukumwa na mlevi, simu nne juu. Akasimama mama mmoja wa mboga, akapenyeza kapu lake katikati yao, akamwambia yule msichana, "Sogea nikae, mgongo unaniuma." Hakumgusa mlevi wala kumsemesha. Alikaa tu pale katikati, na mara nikaona wanaume watatu wamesimama, hao waliokuwa wananyamaza. Walikuwa wanangoja mtu atangulie. Mimi pia nilikuwa nangoja, na gari ndilo nililokuwa nasimamia.

BintiMvita:

Salaam aleikum. Dadangu FundiSare, nimeisoma habari yako mara tatu. Nyote mwazungumza mkiwa nje ya mlango. Mimi nilikuwa ndani, miaka sita, Mombasa, nyumba ya kupanga kama yako.

Mtu akipigwa hasikii makofi peke yake. Masikio yatafuta nje. Nilisikia kila mlango uliofungwa, nikajua ni wa nani kwa mlio wake. Nilisikia televisheni ikiongezwa sauti. Na huyo aliyekuwa akinipiga alisikia vilevile, hilo ndilo nataka mlijue. Mwanzo alikuwa akinipiga akisikiza nje, apiga kidogo, anyamaza, asikiza. Siku alipojua kwamba hakuna ajaye, aliacha kusikiza. Majirani wangu walidhani wamenyamaza tu. Kumbe walikuwa wamjibu.

Aliyebadilisha mambo ni bibi mmoja wa ng'ambo ya njia, ajuza, apata miaka sabini. Usiku mmoja alikuja akasimama chini ya dirisha na bakora yake, akamwita mume wangu kwa jina la mamake. Mwana wa fulani. Akasema, "Nakusikia." Akanyamaza. Akasema tena, "Nakusikia, na ntakaa hapa." Akavuta kibao cha mbuzi akakalia pale njiani. Sikupigwa tena usiku ule. Sisemi aliacha, alirudia mwezi uliofuata. Ila mimi nilibadilika. Nilijua kwamba kuna mtu ajua, na kwamba yale si ya kuyaficha. Miezi mitano baadaye nilitoka na mwanangu na mkoba mmoja, na mkoba ulikuwa umewekwa kwa bibi huyo, nguo moja moja, wiki baada ya wiki.

Ndugu BabaWatatu, mimi ndiye yule mke uliyemkuta kwenye benchi. Si yule wako, lakini nilifanya vivyo hivyo, nilikwenda kufuta kesi. Aliyenisaidia alinitazama kama nimemtemea mate. Nilitamani kumwambia: kodi yalipwa na yeye, mtoto ana homa, leo usiku nalala wapi? Umenitoa mikononi mwake saa moja, na saa ishirini na tatu zilizobaki ni zake. Nakuomba radhi kwa niaba ya yule dada, kwa jino na kwa nauli zako. Lakini kama ulimtoa mkono shingoni usiku ule, huenda yu hai kwa sababu yako.

Kwa mlio Kenya, namba ya 1195 hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Hata jirani aweza kupiga.

BabaWatatu:

BintiMvita, nimekusoma. Sijui niseme nini. Yule dada yupo, namwona sokoni, ana mtoto mwingine sasa. Hatusalimiani. Kesho nitamsalimia.

FundiSare:

Wapendwa, zimepita wiki tatu. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na neno la kuwaeleza.

Jumamosi iliyopita wameanza tena, saa nne usiku. Nilisikia sufuria. Nikasimama, taa nikaiacha inawaka. Miguu ilikuwa haina nguvu, nawaambia ukweli. Nikaenda kwanza chumba cha kwanza kwa mama muuza vitumbua, nikagonga mara moja. Mlango ulifunguka kabla sijagonga mara ya pili. Alikuwa amesimama nyuma yake, khanga kajifunga mbili, ndala kavaa. Alikuwa pale muda wote. Nikamwambia, "Mama, twende tukaombe kiberiti." Hakuniuliza kiberiti cha nini.

Tukagonga chumba cha sita. "Nani?" "Sisi. Tunaomba kiberiti." "Nendeni mkalale." Mama akasema, "Tunasubiri." Kukawa kimya. Nikamwita yule dada kwa jina lake, kwa sauti, kama yeye alivyoniita mimi. Na hapo ndipo redio ya chumba cha tano ilipozimwa. Sijui niwaelezeje ile sauti ya redio kuzimwa. Komeo moja likafunguka, kisha jingine. Mlinzi akatoka na rungu, mama akamwonyesha kwa kidole alirudishe, akalirudisha, akaja kusimama mikono mitupu. Tulikuwa watu sita koridoni, hakuna aliyepaza sauti. Mume akafungua. Akatuangalia mmoja mmoja. Akachukua shati lake msumarini akapita katikati yetu akaenda zake hadi asubuhi.

Dada alilala kwangu, yeye na mtoto, mimi nikalala kwenye mabaki ya vitambaa. Dawati la Jinsia hajataka kwenda. Nilimwambia nitamsindikiza, akasema bado, nami kwa sababu ya maneno ya BintiMvita sikumsukuma. Jumatatu alirudi chumbani kwake. Mume naye amerudi. Kwa hiyo msidhani kwamba yamekwisha.

Jana bombani tulikuwa wawili tu. Nikaona nisilifiche, nikamwambia, "Ile Alhamisi uliponiita, nilikusikia." Akaendelea kukinga maji. Akasema, "Najua. Niliona taa yako inazimwa." Nyumba haina dari, niliwaambia. Nilimwomba msamaha, hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, aliniomba nimshikie ndoo ajitwishe.

Nimemchongeshea ufunguo wa chumba changu. Ameufunga kwenye pindo la khanga, lile pindo anakofungia hela ya mboga. Mfuko wa nguo za mtoto uko chini ya cherehani yangu, mpaka sasa una gauni moja na soksi.